Mche wa Balozi

Nilikuwa bwana shamba kwa miaka kumi na tisa, na muda mwingi wa miaka hiyo niliwafundisha watu mambo waliyoyajua kunizidi. Nalisema hili mapema ili msomaji asinitegemee kuwa shujaa wa habari hii. Shujaa ni Bibiana, ambaye sote tulimwita Mama Silvano, na mimi ndiye niliyekaribia kumpokonya shamba lake kwa ndoo moja ya chokaa.

Mwaka ulikuwa 1995, mwezi wa Januari, mvua zimekwisha kushika. Biashara huria ilikuwa imetufikia Newala. Tangu Oktoba wanunuzi binafsi walipanda na malori yao kugombania magunia ya korosho, na redioni kila siku ni wawekezaji. Ndipo tukaambiwa kwamba balozi wa Brazili anakuja. Balozi tuliyemzoea sisi ni wa nyumba kumi, anayeamua kesi za kuku. Huyu alitoka nchi ilikotoka mikorosho yenyewe, zamani, kabla Wareno hawajaileta pwani yetu, na alikuwa anakuja na miche arobaini ya mikorosho mifupi, ile inayoanza kuzaa kabla haijamfikia mtu kifuani.

Mheshimiwa alitukusanya ofisini akatueleza kwamba miche ni mwanzo tu. Serikali mbili zilikuwa katika mazungumzo: mashine za kubangulia korosho, salfa ya kupulizia mikorosho kwa mkopo, wataalamu wa kuja na vijana wetu wa kwenda kusoma. Sherehe ikifana, mkataba ungetiwa saini Dar es Salaam juma linalofuata. Sherehe ikiharibika, alisema, kila mtu atafute kazi nyingine. Jina la Mheshimiwa na cheo chake naviacha. Alikwisha staafu, na wajukuu zake ni watu wema.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta shamba la kupandia miche hiyo, shamba lililo barabarani ili magari yafike na picha zipigwe. Nilikwenda kijiji kimoja upande wa Chilangala, nikaonana na mwenyekiti wake, Nasibu, mtu mpole mwenye kofia safi na watoto tisa.

"Usihangaike, bwana shamba," Nasibu aliniambia. "Chukua la Mama Silvano. Magari yanaingia mpaka ndani, na mwenyewe ni ntu wa kuja, hana maneno."

Nilimwona ni mtu wa msaada. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe haikuwa yangu, kwa hiyo sikuwashwa.

Mama Silvano nilimkuta anaanua makopa, ile mihogo ya kukausha, maana wingu lilikuwa linakuja. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane hivi, mfupi, mwenye chale za Kimakonde usoni kama za bibi zetu, na mikono ambayo haikuacha kazi wakati mimi nasema. Nilimweleza kila kitu. Wageni watakuja Alhamisi. Watapanda miche. Mistari miwili ya mikorosho iliyo kando ya barabara, miti minane, itakatwa kupisha. Sikumuuliza kama anakubali. Nilimweleza tu, kama tulivyofundishwa kuwaeleza wakulima, halafu nikachukua ndoo yangu ya chokaa nikaipaka miti minane alama nyeupe. Kwenye taarifa niliandika kwamba mwenye shamba ameafiki.

Jumanne asubuhi nilirudi na watu wanne, mashoka na msumeno wa kuvuta wawili. Mti wa kwanza ulianguka, wa pili, wa tatu. Tulipofika kwa wa nne tulimkuta Mama Silvano ametandika kanga chini yake, amekaa, mgongo ameuegemeza kwenye shina. Hakupiga kelele. Wale wakataji walisimama na kuniangalia mimi.

"Mama Silvano, inuka," nilisema. "Utaumia."

"Kateni tu. Mimi nimekaa."

"Utalipwa fidia, mama."

"Nitalipwa nti?" aliniuliza. Watu wa kwao wanaisema mti hivyo, na siku ile nililisikia neno hilo mara nyingi. "Bwana shamba, keti. Umenieleza juzi, leo nami nikueleze."

Nikawaambia wakataji wakapumzike, nikakaa chini na suruali yangu ya kazi. Sikufanya hivyo kwa kupenda haki. Nilifanya kwa haya, kwa sababu wapita njia walikuwa wameanza kusimama.

Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, uwanda wa Mueda. Akiwa msichana alifanya kazi jikoni kwa mke wa karani mmoja wa Kireno, miaka minne, kuchota maji, kuosha vyombo na kutukanwa. Vita vilipoanza akavuka mto na mama yake, na mama hakufika mbali. Akaja kuishi hapa, hana ukoo, hana mjomba, na uwanda huu bila mjomba huna pa kusimama. Mzee mmoja, Rajabu, ndiye aliyempa pa kulima, mwaka 1967, kwa maneno ambayo Mama Silvano aliyasema akiwa ameangalia mbele, neno kwa neno. Lima mihogo. Lima mtama, lima kunde. Mti usipande.

Mkopaji wa ardhi hapandi mti. Hilo halikuandikwa popote na kila mtu analijua. Mti ni wa aliyeupanda, na ardhi iliyo chini ya mti inakaa na mwenye mti mpaka mti ufe, na mkorosho unaweza kumzika aliyeupanda na mwanawe. Kwa hiyo Mama Silvano alilima mihogo miaka kumi na mmoja. Kila masika korosho zilizoanguka kutoka mashamba ya jirani zilichipua katikati ya mihogo yake, na kila masika alizing'oa kwa mkono, moja moja, ili Mzee Rajabu asije akadhani anaibiwa.

"Ile miche ilikuwa mizuri," aliniambia. "Ina majani mekundu. Nilikuwa naing'oa huku nalia. Sikusema kwa ntu."

Mwaka 1978 mkewe Mzee Rajabu aliugua miezi saba. Maji kwetu huku juu yako chini bondeni, mtu anashuka alfajiri na kupanda jua likiwa kali, na Mama Silvano alimchotea mgonjwa yule ndoo kila siku mpaka alipozikwa. Baada ya arobaini, Mzee Rajabu alikuja shambani na wazee wawili na kikapu cha mbegu. Akasema, leo panda. Mama Silvano akapanda miti thelathini na mmoja, kila shimo mbegu tatu. Mzee akafariki mwaka uliofuata, na mrithi wake, kwa mila ya huku, akawa mtoto wa dada yake. Jina lake Nasibu.

Nilipiga hesabu. Miti ilikuwa thelathini na mmoja. Sasa ilikuwa ishirini na minane, na mitano mingine ilikuwa na chokaa yangu.

"Na nani atapanda hiyo Alhamisi?" aliuliza.

Nilikuwa na ratiba mfukoni, imepigwa chapa. Nikamsomea. Balozi atapanda mche wa kwanza. Mheshimiwa wa pili. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Nasibu, wa tatu. Iliyobaki ingepandwa na wajumbe wa kamati yake.

"Na mimi?"

Nilitafuta mstari wake. "Wewe utawanawisha wageni mikono."

Alicheka kidogo, cheko la puani.

"Mama, balozi hawezi kuchukua shamba lako," nilisema. "Ni heshima tu. Ni urafiki wa nchi na nchi."

"Yule ngeni atarudi kwao. Nasibu atarudi wapi? Nyumba yake ile pale." Aliinyooshea mkono, na kweli bati la Nasibu lilikuwa linaonekana. "Mkate yangu, apande yake, mbele ya serikali, na picha mpige. Mwakani nikimwambia atoke, ataniambia nini? Ataniambia, mama, hapa pana nti wangu. Na atakuwa na haki."

Sitaki kujifanya sikulijua hilo. Sisi Masasi tunalijua pia. Babu yangu mzaa mama aligombana na jirani yake miaka tisa kwa ajili ya mwembe mmoja. Nililijua, ila nilikuwa nimeliweka mahali pamoja na mambo mengine ya nyumbani ambayo mtu aliyesomeshwa na misheni na kupewa pikipiki ya mradi hayakumbuki akiwa kazini. Niliona aibu, nikaona na hasira, na kama kawaida ya watu wa ofisi, hasira nilitaka kumpa yeye.

Nilipanda pikipiki nikaenda Newala kwa Mheshimiwa. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika simu, maana Masasi walikuwa wanataka kujua saa ya kupokea ndege.

"Mitatu iliyokatwa inatosha nafasi?" aliuliza.

"Inatosha, Mheshimiwa."

"Basi usikate tena. Ratiba inabaki."

"Mheshimiwa, tatizo ni ratiba yenyewe. Mwenyekiti akipanda pale..."

"Cuthbert." Aliweka simu chini. "Nchi mbili zinangoja mche mmoja, wewe unaniletea ugomvi wa shangazi na jirani. Wazungumze wakishamaliza wageni. Na nitaweka askari wawili pale. Yule mama akileta fujo, ataondolewa taratibu. Wewe ukileta fujo, utarudi kwenu Masasi kuuza karanga stendi."

Nina watoto watano. Nilisema, "Ndiyo, Mheshimiwa." Njia nzima nilijitukana, lakini nilikuwa nimekwisha sema.

Jumatano mchana nilikwenda kumpa habari. Nilimwambia miti yake haitakatwa tena, na ratiba haitabadilika, na askari watakuwepo. Nilimshauri akae nyumbani siku hiyo, nitamtafuta mtu mwingine wa kunawisha. Alikuwa anachambua kunde. Hakuniinulia uso.

"Ngeni huyo anasema lugha gani?"

"Kireno, nadhani. Anakuja na mkalimani wa Kiingereza kutoka wizarani."

Akachambua kunde nyingine, na nyingine. "Birika nitalileta mwenyewe," alisema.

Alhamisi kijiji kizima kilikuwa barabarani tangu saa mbili. Kwaya, ngoma, bendera mbili, moja imening'inizwa kichwa chini mpaka mwalimu mmoja alipoirekebisha. Magari yalifika saa sita kasoro kutoka Masasi, yamechafuka udongo mwekundu mpaka kwenye vioo. Balozi alikuwa mzee mnene, uso umemwiva kwa jua, anatembea kwa uangalifu kama mtu mwenye viatu vinavyombana. Miche ilishushwa. Tuliipanga kando ya mashimo, na mashimo yalikuwa katikati ya visiki vitatu vibichi ambavyo nilikuwa nimevifunika na majani ili visionekane kwenye picha. Nasibu alivaa kanzu mpya. Wazee wa kijiji walikaa kwenye benchi la shule na walikuwa kimya kupita kiasi. Walijua. Kila mtu pale alijua, isipokuwa wageni na Mheshimiwa, ambaye hakutaka.

Hotuba zilikwisha. Mheshimiwa alisema uhusiano wa nchi zetu mbili utaota mizizi leo hii katika ardhi ya Newala, na wapiga picha wakasogea. Balozi alikunja mikono ya shati. Ratiba ilisema anawe kabla na baada.

Mama Silvano akatoka nyuma ya kwaya na birika la maji ya moto yaliyopoozwa, beseni na taulo jeupe. Askari wawili walimtazama, wakaona ni birika, wakatulia. Alipiga goti moja, akaanza kumimina, na balozi akaweka mikono chini ya maji. Hapo ndipo alipoanza kusema.

Alisema polepole, macho kwenye beseni, sauti ya mtumishi. Sikuelewa hata neno, lakini balozi alielewa. Mikono yake ilisimama. Alimwangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mtu asiyemjua, kisha akamwuliza kitu, na yeye akajibu. Maji yaliendelea kumwagika. Mkalimani wa wizara aliinama kusikiliza, akajiinua, hana Kireno hata cha kuombea maji. Katika watu mia tatu, wawili tu ndio waliojua kinachosemwa, na mmoja alikuwa amepiga goti.

"Mama, basi," Mheshimiwa alisema huku anatabasamu kwa ajili ya kamera. "Inatosha. Rudi nyuma."

Hakurudi. Alionyesha kwa kidevu majani yangu, na balozi akatazama, na nadhani akaviona visiki. Mheshimiwa akampa askari ishara ya kidole. Mmoja akapiga hatua mbili. Mimi nilikuwa na mche wa kwanza mkononi, tayari kumpa balozi. Nilijua kwamba yule askari akimgusa bega Mama Silvano, Nasibu atapanda, na itakuwa imekwisha, na chokaa ni yangu.

Balozi aliinua kiganja kimoja chenye maji, na askari akasimama. Kisha akajifuta kwa taulo, kidole kwa kidole, bila haraka. Akauchukua mche mikononi mwangu. Badala ya kuinamia shimo, akageuka, akamnyooshea Mama Silvano kwa mikono miwili, akasema maneno machache ya Kiingereza kwa mkalimani.

Mkalimani alikohoa. "Balozi anasema, kwa mila za nchi yake, si adabu mgeni kupanda mti katika shamba la mwenyeji wake. Mgeni huuleta mche. Mwenye shamba ndiye anayepanda. Anaomba heshima hiyo ya kwao ifuatwe na wote."

Mama Silvano aliweka birika chini, akapokea, akapanda. Aliusindilia udongo kwa viganja, na balozi akamwagia mche maji yaliyobaki katika birika. Picha zikapigwa. Mheshimiwa alipiga makofi, maana angefanya nini? Sherehe ilikuwa inafana mbele ya macho yake. Alichukua mche wake wa pili, akautazama kama ulikuwa na sisimizi, akamkabidhi Mama Silvano. Naye akapanda.

Halafu zamu ikawa ya Nasibu.

Alisimama na mche wake karibu na shimo la tatu, na hakusogea. Sikumchukia saa ile. Alikuwa na watoto tisa na wapwa ambao hesabu yao aliijua mwenyewe, na ardhi ya mjomba wake aliiona kila asubuhi akifungua mlango. Lakini alikuwa na akili, na alijua maana ya anachotakiwa kufanya. Kumpa mtu mche aupande ni kusema kwamba mahali ni pake. Mzee Rajabu alikuwa amelisema mbele ya wazee wawili, na wote wawili walikwisha kufa. Sasa yeye alitakiwa kulisema mbele ya kijiji kizima, bendera mbili na kamera.

"Mwenyekiti," Mheshimiwa alinong'ona kwa meno. "Balozi anangoja."

Wazee kwenye benchi wakasogeza fimbo zao. Nasibu akatembea hatua sita, akanyoosha mche. Alikuwa ameushika kwa mkono mmoja. Mama Silvano hakupokea. Alimtazama tu, mpaka Nasibu alipoleta na mkono wa pili.

"Asante, mwanangu," alimwambia, ingawa walikuwa takriban rika moja.

Alipanda yote arobaini. Ilichukua mpaka saa tisa, na kwaya iliishiwa nyimbo ikarudia za Krismasi. Balozi aliondoka akiwa na furaha kuliko alivyofika. Juma lililofuata mkataba ulitiwa saini, tukasikia redioni.

Siku chache baadaye nilimwuliza Mama Silvano kama kweli Brazili wana mila hiyo.

"Sijui," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Nilimwambia, baba, ukisema ni mila ya huku watakubishia, ukisema ni ya kwenu hakuna atakayethubutu."

Nimewaona mabalozi wengine tangu siku ile, na sijaona aliyemfikia.

Mashine za kubangulia hazikuja. Mtaalamu alikuja mmoja, akaugua malaria, akarudi. Ninachoweza kuthibitisha katika urafiki ule ni mikorosho thelathini na minane, maana miwili ilikufa, ambayo mpaka leo inazaa kando ya barabara, na picha ya gazetini iliyokaa ukutani kwa Mama Silvano. Si ile ya balozi. Silvano, mwanawe, alizunguka Tandahimba yote kutafuta ukurasa wenye picha ndogo ya chini, ile ya Nasibu ameinama na mikono miwili. Wapwa wa Nasibu walipoleta kesi baraza la kata mwaka 2003, Mama Silvano aliipeleka na fremu yake. Kesi haikumaliza asubuhi.

Mimi nilipunguzwa kazini mwaka 1997, tulikuwa wengi, na pikipiki ikarudi mradini. Masasi kwa ndugu zangu ardhi ilikuwa imekwisha gawanywa, na watoto walikuwa bado watano. Nilikaa miezi miwili nikijifanya natafuta kazi nyingine. Mwisho nikaenda Chilangala kwa miguu, nikamkuta Mama Silvano anaanua makopa yake, nikamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Sikujua nianze vipi, na hakunisubiri nianze. Aliniongoza mpaka pembe ya nyuma ya shamba, ilipokwisha mikorosho, akanipimia kwa hatua kama ekari moja. Nililia mbele yake, mtu mzima, bwana shamba wa miaka kumi na tisa. Aliniacha nimalize.

"Lima mihogo," aliniambia. "Lima mtama, lima kunde." Kisha akaniangalia vizuri usoni, na hakuwa anatania. "Nti usipande."

Huu ni mwaka wangu wa tisa. Kila masika korosho zake zinadondoka upande wangu na kuchipua, zina majani mekundu, na mimi naziinamia na kuzing'oa kwa mkono, moja moja.